Amosi angetuuliza habari za mizani

Swali la wiki lilikuwa: "Kwa mafundisho ya Biblia, ni nini kinachofanya taifa libarikiwe na Mungu?" Wengi wetu hukimbilia Zaburi 33:12, "Heri taifa ambalo BWANA ni Mungu wao," na kuishia hapo. Andiko hilo nalipenda sana. Ila linatudai maelezo: Bwana akiwa Mungu wa taifa, tutalijuaje? Jibu langu ni kwamba tutalijua kwa jinsi mnyonge anavyotendewa sokoni na mahakamani.

Chukueni Israeli ya kaskazini wakati wa Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 kabla ya Kristo. Alitawala miaka 41 na kuirudisha mipaka ya nchi kuanzia Hamathi hadi bahari ya Araba. Samaria, mji wake mkuu, kulikuwa na nyumba za pembe za ndovu, na wenye nazo walijinyosha vitandani wakila wana-kondoo. Ibada nayo ilipamba moto. Betheli sadaka zilikuwa nyingi, nyimbo na vinanda havikukoma. Nani angebisha kwamba nchi ile imebarikiwa?

Nabii Amosi alibisha, mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa. Aliona maskini akiuzwa kwa jozi ya viatu. Aliona wafanyabiashara wakihesabu saa sabato iishe, wapate kupunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzani wa fedha: mnunuzi anapimiwa ngano pungufu, na fedha yake inapimwa kwa jiwe zito kuliko haki. Hata makapi ya ngano waliyauza. Kuhani Amazia alimwambia arudi kwao Yuda akatabiri huko. Mwaka 722 kabla ya Kristo Samaria ikaanguka mikononi mwa Waashuru.

Sisi tunaolima viazi efa ile tunaijua, ndiyo lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria inakataza, lakini mwenye lori ameshafika shambani na viazi vinaanza kuoza, utafanyaje? Jumapili mnunuzi na mkulima wanakaa kanisa moja. Hili linaniumiza kuliko hasara yenyewe.

Najua kuna watakaosema Israeli walikuwa watu wa agano, mataifa mengine hayahusiki. Mbona basi Amosi anaanza na Dameski, Gaza na Tiro kabla hajaigusa Israeli? Gaza inashitakiwa kwa kuteka watu na kuwauza kwa Edomu. Na Ninawi, mji wa Waashuru haohao, mfalme wake aliposikia mahubiri ya Yona aliamuru kila mtu aache njia yake mbaya na udhalimu ulio mikononi mwake. Walifunga, walivaa magunia, lakini Yona 3:10 inasema Mungu aliona matendo yao, jinsi walivyoiacha njia mbaya, akaghairi.

Nabii Yeremia naye alimwambia Yehoyakimu, mfalme wa Yuda aliyejijengea jumba bila kuwalipa vibarua, kwamba baba yake Yosia aliwaamua maskini kwa haki, kisha Bwana akauliza: "Je! huku si kunijua mimi?"

Kwa hiyo tutakapokutana tena kuliombea taifa, naomba wachungaji waweke lumbesa na mishahara ya vibarua kwenye orodha ya toba, na wanunuzi wa mazao waalikwe.