Kununua fungu la shemeji kijijini Java: msitoe pesa kabla ya kuona daftari

Mkuu, nimekuelewa hivi: mkeo ni Mjava, kwao ni kijiji cha wakulima upande wa Klaten, Java ya Kati. Mzee wao amefariki akaacha nyumba na majaruba ya mpunga, shemeji anauza fungu lake, nanyi mnaishi Jakarta na pesa mnayo. Unauliza mnunue au msinunue.

Kwanza wewe mwenyewe, usiye raia wa Indonesia. Kwa sheria ya ardhi ya 1960 (namba 5), umiliki kamili, wanaouita hak milik, ni wa raia wa Indonesia peke yake. Fungu alilorithi mkeo ni lake, halina shida. Fungu mtakalonunua mkiwa ndani ya ndoa ni la wote wawili, na hapo ndipo ugeni wako unapoingia kwenye hati: sheria inataka ardhi iliyomfikia mgeni kwa njia hiyo iachiwe ndani ya mwaka 1. Dawa yake ni mkataba wa kutenganisha mali. Zamani ulifungwa kabla ya ndoa tu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2016 mnaweza kuufunga hata sasa, kwa notaris (ofisa wa kuthibitisha mikataba), kisha ukaandikishwa palipoandikishwa ndoa yenu. Atakayekushauri uazime jina la jirani, mkimbie. Mpango huo ni batili, ardhi huangukia serikali na pesa uliyolipa hairudi.

Sasa karatasi. Mwulize shemeji anashika nini mkononi. Akitoa sertifikat ya ofisi ya ardhi (BPN), nendeni mkaikague huko huko BPN kama haina rehani wala zuio. Akitoa karatasi ya kodi ya kila mwaka, ile SPPT, hajatoa kitu: inaonyesha nani analipa kodi, si nani mwenye mali. Akitoa girik au petok D, hicho ni kipande cha kumbukumbu ya kodi ya zamani, na mama yake ni daftari liitwalo Letter C linalokaa ofisi ya kijiji. Kanuni ya serikali namba 18 ya 2021 ilitoa miaka 5 karatasi hizo za kienyeji zisajiliwe, na muda huo umeisha Februari 2026. Baada ya hapo zinabaki kuwa kielekezo tu cha kusaidia usajili.

Letter C msisimuliwe, ifunguliwe mbele ya mkeo. Angalieni namba ya daftari, namba ya persil (kipande cha ardhi), daraja la ardhi (S ni majaruba, D ni ardhi kavu), ukubwa, na safu ya mabadiliko: lini ilihama, kwa nani, kwa kuuzwa au kwa kurithi. Penye mstari uliokatwa pasipo tarehe, simameni hapo hapo. Tatizo la kawaida kabisa ni jina. Mjava wa zamani alikuwa na jina la utotoni, akioa akapewa jina la utu uzima, akienda Makka pengine akarudi na la tatu. Daftari lina la kwanza, kitambulisho kina la pili. Hilo hutatuliwa kwa barua ya mkuu wa kijiji kwamba ni mtu mmoja, ila iombeni mapema, wazee wanaomkumbuka wangali hai.

Mirathi nayo. Kuna wanaogawa sepikul segendong, yaani mwanamume mzigo wa mti begani, vikapu viwili, na mwanamke mzigo wa mgongoni, mbili kwa moja. Kuna wanaogawa sawa kwa sawa. Vyovyote walivyogawana sebuleni, ofisi haitambui mpaka pawe na hati ya warithi yenye sahihi za warithi wote, ikathibitishwa na kijiji na kecamatan (ni kama tarafa). Dada aliyeolewa Sumatra asiposaini, shemeji hana cha kuuza. Ulizeni pia kama jaruba limewekwa gadai, yaani rehani ambayo aliyetoa pesa hulilima mpaka alipwe. Kwa sheria namba 56 ya 1960, gadai iliyofika miaka 7 inarudishwa bila fidia, lakini vijijini wengi bado hudai pesa yao, na mnunuzi ndiye anayekuta mtu mwingine anapanda.

Mauziano yenyewe yafanyike kwa PPAT, ofisa aliyeidhinishwa kuandika hati za ardhi. Risiti yenye stempu na sahihi ya mkuu wa kijiji haihamishi umiliki kwenye sertifikat, na muuzaji akifa mnaanza upya na warithi wake. Muuzaji hulipa kodi ya asilimia 2.5 ya bei. Mnunuzi hulipa BPHTB, kodi ya kupata ardhi, isiyozidi asilimia 5, baada ya kutoa kiwango kisichotozwa, ambacho ni angalau rupia milioni 80. Ada ya PPAT haizidi asilimia 1. Kama kijiji kimo kwenye mpango wa usajili wa pamoja, PTSL, gharama ya maandalizi kijijini kwa Java iliwekwa rupia 150,000 kwa kiwanja. Subirini huo, ni nafuu mno.

Jambo wasilokwambia: majaruba hayatakiwi kumilikiwa na mtu anayeishi mbali. Mwenye shamba anapaswa kukaa kecamatan hiyo hiyo au ya jirani. Kitambulisho cha mkeo kikisema Jakarta, PPAT anaweza kugoma. Na kama mna ndoto ya kujenga pale kwenye majaruba, angalieni kwanza ramani ya matumizi ya ardhi ya wilaya. Majaruba yaliyolindwa kwa sheria namba 41 ya 2009 hayageuzwi kiwanja. Jengeni kwenye pekarangan, ua wa nyumba.

Vipimo: wazee hawasemi mita, wanasema ru au ubin, kipande cha takriban mita 3.75 kwa 3.75, karibu mita za mraba 14. Ru 70 ni kama robo ekari. Pimeni upya, matuta huliwa polepole kwa jembe, msimu hadi msimu.

Thamani ya jaruba ni maji. Nendeni mwezi wa Agosti, si Januari wakati kila mahali panang'aa. Jaruba la mwisho wa mfereji hupata mpunga mara moja au mbili kwa mwaka, kisha mahindi au soya. La juu hupata hata mara tatu. Robo ekari ikienda vizuri hutoa kama kilo 500 hadi 600 za mpunga mbichi, na ukishakaushwa na kukobolewa zinabaki kilo 300 hivi za mchele. Mkilimisha kwa maro, nusu ni ya mlimaji. Kwa mertelu mlimaji huchukua theluthi, nanyi mnabeba gharama. Sasa gawanyeni bei ya shemeji kwa mchele huo. Mara nyingi hesabu hairudi, na afadhali mjue mapema kwamba mnanunua heshima ya ukoo, si biashara.

Mlimaji wenu asipande peke yake wiki tatu nyuma ya wenzake. Panya na wereng, yule mdudu wa kahawia anayekausha shina, watahamia kwake wote. Na mtu akipendekeza waya wa umeme kuzuia panya, kataeni kabisa. Huua watu kila msimu.

Maisha yenyewe ni ya kimya, lakini kimya kina ada zake. Kiongozi wa RT, kikundi cha nyumba jirani, ni kama balozi wetu wa nyumba kumi: mgeni akilala, anaarifiwa ndani ya saa 24. Usiku wanaume hulinda kwa zamu na kukusanya jimpitan, kopo dogo la mchele au sarafu kutoka kila baraza. Jirani akiwa na harusi mkeo aende rewang, kupika siku moja mbili kabla, na bahasha yenu itaandikwa daftarini ili irudishwe kiasi kile kile siku yenu. Mwezi wa Mfunguo Tatu bahasha hufuatana, ziwekeeni bajeti. Mfunguo Nne, wao wanauita Suro, hakuna harusi.

Uzio wa mawe msijenge haraka. Kijia kinachokatiza ua wenu hadi kisimani kwa jirani hakimo kwenye hati yoyote, na ukikiziba, siku ya kupima mipaka jirani huyo ndiye anayetakiwa kusaini.