"Yawa!" ndani ya insha

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mwanangu yuko gredi ya saba hapa Kisumu. Katika insha yake aliandika: "Yawa! Matatu ilikuwa imejaa hadi mlangoni." Mwalimu wake akakata "Yawa" kwa kalamu nyekundu, akaandika "Lo!" juu yake. Je, ni lazima iwe "Lo"? Na ile alama ya mshangao hukaa baada ya neno au mwisho wa sentensi?
Mama wa Kondele

JIBU: Sijambo, mama. Mwalimu ana haki, ila nusu tu.

Yawa ni neno la Kijaluo, na insha ya Kiswahili ambayo mwanafunzi anaisimulia mwenyewe hutarajiwa kuwa na vihisishi, yaani maneno ya hisia, vya Kiswahili. Hapo sina ubishi. Lakini lau neno hilo lingewekwa kinywani mwa mhusika, tuseme mama muuza omena pale soko la Kibuye, lingekuwa mahali pake kabisa: "Yawa! Mbona unanikanyagia omena?" Mama huyohuyo akisema "Masalale!" msomaji yeyote wa Kisumu atajua ametungwa darasani.

Nusu ya pili ni hilo "Lo". Mtu anaweza kusema "Lo!" akiwa peke yake chumbani. Yawa huwaita waliopo washuhudie, na Kiswahili kina neno linalofanya kazi hiyohiyo: jamani. "Jamani! Matatu ilikuwa imejaa hadi mlangoni." Mshangao umo, malalamiko yamo, na wenzake wamo. Kalamu nyekundu ingekuwa mkononi mwangu, ningeandika hilo.

Tatizo ni kwamba shuleni watoto hukaririshwa orodha ya vihisishi kana kwamba vyote vina kazi moja, kisha wanavimwaga popote. Utakuta mtoto ameandika: "Lahaula! Nilikuwa nimepita mtihani." Lahaula limekatwa kutoka maneno ya Kiarabu ambayo Mwislamu huyatamka akizidiwa na jambo, kwamba hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Ni neno la aliyefikwa. Aliyepita mtihani aseme "Alhamdulillahi!" au "Hoyee!", kutegemea alivyolelewa. Ebo nalo ni la kukaripia, mtoto hamwambii nyanyake "Ebo!" akabaki salama.

Ala ndilo lenye hila zaidi. Likitamkwa kwa mkato, lina ukali: "Ala! Nani amekuruhusu uingie?" Livute mwisho na hasira inaisha: "Alaa! Kumbe wewe ndiye mjukuu wake." Mdomoni, sauti na uso hukamilisha kazi. Kwenye karatasi tumebakiwa na irabu moja tu ya kutofautisha aliyekasirika na aliyeelewa, kwa hivyo mwanao asiiongeze wala kuipunguza ovyo.

Yapo pia maneno ya orodha hiyo ambayo huku bara hayasikiki. Vitabu vinasema anayeomba njia hupaza "Simile!" Pwani, sawa. Kibuye sijalisikia, mwenye mkokoteni wa viazi akikujia kwa nyuma ni "Njia! Njia!" Kisarufi njia ni nomino, lakini hapo inafanya kazi ya kihisishi, na mtoto akiiandika hivyo ndani ya mazungumzo asikosolewe. "Maskini!" ya kuonea huruma nayo inapungua. Ukienda Nakuru utasikia "Woiye!" mara kumi kabla ya kuisikia hiyo. Mimi ningali naipenda maskini, lakini siwezi kumlazimisha mtu ahurumie kwa neno langu.

Sasa alama, ambayo wengi huiita alama ya hisi. Ikiwa hisia imo kwenye neno lenyewe, na kinachofuata ni maelezo ya kawaida, weka alama baada ya neno kisha uanze na herufi kubwa: "Lo! Mvua imeanza." Ikiwa sentensi nzima inasemwa kwa hisia, weka mkato baada ya kihisishi na alama mwishoni: "Lo, mvua hii itatuua!" Zote mbili ni sahihi, ila hazisomeki kwa sauti moja. Mwambie asome kwanza kwa mdomo, asikie pumzi inakatika wapi.

Kwenye usemi halisi, alama ya hisi hukaa ndani ya alama za usemi na maneno yanayofuata huanza kwa herufi ndogo: "Jamani!" akalalamika mama. Mkato hauongezwi baada ya alama hiyo, ingawa watoto wengi huuongeza. Alama tatu kwa mpigo, "Jamani!!!", azitumie akimwandikia rafiki kwenye simu, katika insha moja inatosha.

Na ukimsaidia kusoma, muangalie herufi moja: haya ni maneno ya hisia, vihisishi, ambayo vitabu vingine huyaita viingizi. Vihusishi ni akina "kwa", "katika" na "juu ya".