Mfumo wa cheche kwa TZ350 ya mashindano
Umeuliza kama pikipiki yako ya zamani ya mashindano, Yamaha TZ350, uifungie mfumo wa cheche wenye taimingi (wakati wa kupiga cheche) isiyobadilika au wa kuprogramu. Soma kwanza kanuni za daraja lako, usije ukanunua kitu kikakataliwa kwenye ukaguzi. Kama zinaruhusu, mimi ningechukua wa kuprogramu, unaochelewesha cheche mizunguko ya injini inapopanda. Cheche ikichelewa, joto zaidi linaingia kwenye ekzosi, mawimbi ya gesi humo yanaenda kasi zaidi, na injini haikati nguvu ghafla ukipita kilele cha nguvu. Pistoni nayo inapata nafuu.

Rota (sehemu ya mfumo wa cheche inayozunguka na injini) ndogo ya ndani, kama ya kampuni ya PVL, inaipandisha injini mizunguko haraka, ila kwenye lami yenye maji tairi la nyuma litateleza upesi. Mfumo unaotegemea betri peke yake ni mwepesi, lakini volti zikishuka katikati ya mbio, umekwisha.

Alama za kwenye rota usiziamini (hata kama ni mpya). Pima nafasi ya pistoni kwa saa ya kupimia (dial gauge) kupitia tundu la plagi, silinda zote mbili, kisha hakiki kwa taa ya taimingi. Kofia za plagi ziwe na rezista (kizuizi cha umeme), la sivyo CDI (kisanduku cha umeme kinachopiga cheche) ya kidijitali itachanganyikiwa.