Kwa Mnaoanza Kuwaombea Wabaniwa

Karibuni kwenye kikundi cha maombi ya misheni. Mmepewa jina la kuombea: Wabaniwa wa Brazili, jamii ya wenyeji wa asili wa msitu wa Amazoni. Nimeongoza maombi haya muda mrefu na najua mwombaji mpya huanzia wapi. Husimama, hukemea giza la msituni, humsihi Mungu atume mtu wa kwanza kuwapelekea Injili. Anaomba kwa machozi na kwa moyo safi kabisa, ila ombi hilo limechelewa zaidi ya miaka 70.

Kabla hujafumba macho, fungua ramani. Utafute Mto Içana, kaskazini-magharibi mwa Brazili, unaoingia Rio Negro karibu na mpaka wa Kolombia. Hapo na kwenye vijito vyake, kama Aiari, ndiko Wabaniwa waliko. Ndugu zao Wakuripako wamesambaa hadi Kolombia na Venezuela. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Sophie Muller, mmisionari Mmarekani wa shirika la misheni la New Tribes Mission aliyekuwa akihudumu kwa Wakuripako, alifika Içana. Aliwafundisha watu kusoma kwa lugha yao, na waliojua wakaenda kufundisha kijiji kinachofuata. Kwa hiyo hata alipolazimika kuondoka upande wa Brazili, kazi haikulala. Ilikwishakuwa mikononi mwa Wabaniwa wenyewe. Agano Jipya wanalo kwa lugha yao. Vijiji vingi vya Içana ya kati na ya juu vina wachungaji, wazee wa kanisa na mashemasi wao. Huandaa Meza ya Bwana pamoja na vijiji jirani, na makongamano ya siku kadhaa ambayo watu huyafuata kwa mitumbwi.

Basi mnawaombea wapendwa wenzenu. Someni Wakolosai sura ya kwanza kila mkianza. Paulo aliwaombea watu ambao hawakuwa wameuona uso wake. Alikuwa amepata habari zao kwa Epafra. Angalieni anachowaombea: hekima, subira, kuzaa matunda. Maombi ya namna hiyo yanawafaa Wabaniwa kuliko kelele zetu zote za kuvunja ngome.

Muwe wahusika wa mambo madogo ya maisha yao. Içana ina maporomoko mengi, na mahali pengine lazima mtumbwi ushushwe mizigo na kuvutwa nchi kavu. Mama mwenye uchungu wa uzazi au mtoto mwenye malaria kutoka juu ya mto anaweza kusafiri siku kadhaa kufika mjini São Gabriel da Cachoeira. Ombeni mafuta ya injini yapatikane, na mhudumu wa afya awepo. Ombeeni mashamba ya muhogo mchungu, maana wanawake huukuna, huukamua sumu yake, kisha huoka mikate mipana myembamba inayoliwa na mchuzi wa samaki wenye pilipili kali. Pilipili hiyo hiyo huikausha, huitwanga na kuiuza mbali, na fedha inarudi kijijini. Mwombaji anayeyajua haya haishiwi maneno baada ya dakika mbili.

Sasa jambo zito, na naomba msilikwepe. Injili ilipoingia Içana ilikuja na makatazo makali: waganga wa jadi, pombe ya muhogo, sherehe na filimbi takatifu za mababu, vyote viliachwa, na kwa haraka. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Salesian nao walikuwa eneo hilo. Mto ukagawanyika: Içana ya chini wengi Wakatoliki, juu wengi Wainjili, na Aiari kukabaki watu walioshika mila. Ndugu wa damu walitengana kwa sababu hiyo. Mimi ni mlokole, naamini Kristo ni kwa ajili ya Mbaniwa kama alivyo kwa ajili yangu, na bado naona kwamba si kila kilichotupwa kilikuwa dhambi. Kwa hiyo katika kikundi hiki hatukemei utamaduni wa watu tusioujua. Tunaombea upatanisho, na tunawaombea wazee wa kanisa la Içana hekima ya kupambanua wenyewe kipi cha kushika na kipi cha kuacha.

Tunashukuru pia, na shukrani isiwe ya kupitisha tu. Mwaka 1992 walianzisha OIBI, jumuiya yao ya bonde la Içana, ambayo imesimamia biashara ya vikapu vyao. Mwaka 2002 manispaa ya São Gabriel iliifanya Kibaniwa kuwa lugha rasmi pamoja na Kitukano na Kinyengatu, lugha nyingine za eneo hilo. Mwombee mwalimu anayeandika Kibaniwa ubaoni, na kijana aliyehamia mjini kusoma, mahali ambapo pombe ni rahisi kupatikana kuliko kazi.

Kila mwaka kuna mmoja wenu anayeguswa na kusema, "Nitume mimi." Asante Mungu. Ila ile ni ardhi ya wenyeji inayolindwa kisheria; haiingiwi bila kibali cha FUNAI, idara ya serikali ya mambo ya wenyeji, na bila ridhaa ya jamii yenyewe. Mwenye wito huo aanze na Kireno. Akishaweza kuongea, asubiri kanisa la Içana liseme kama lina kazi kwa ajili yake, na ni kazi gani.