Maleba: nguo mpya itakuumbua

Mdogo wangu uliyepewa maleba, yaani mavazi ya waigizaji wa filamu, kwa mara ya kwanza, usikimbilie Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi, kabla hujaimaliza skripti. Mimi nilikimbilia. Balo limefunguliwa asubuhi, nikapata gauni la bluu la mama mkulima wa kahawa, nikarudi natamba. Kwenye kamera mama yule alionekana kama mgeni wa harusi aliyepotea njia akaingia migombani.

Tangu hapo kila nguo naizeesha. Msasa laini kwenye kola, viwiko na midomo ya mifuko. Kisha loweka nguo, tia mawe mifukoni, itundike usiku kucha. Asubuhi mifuko imelegea kama ya mtu anayetembea na funguo na chenji miaka yote. Shati jeupe lichovye kwenye chai ya rangi iliyokolea, maana weupe mkali unang'aa na kamera ikiukwepa inazitia giza sura zetu. Chai inashika kwenye pamba. Poliesta inakucheka tu. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Khanga soma jina lake! Tulimfunga mjane khanga nzuri sana kwenye sini (kipande cha filamu) ya msiba, hakuna aliyesoma maneno. Lilikuwa dongo la kumrushia mke mwenza. Siku ya kuonyesha, ukumbi mzima ulicheka pale tulipotaka walie.

Sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi, kwa hiyo chora jedwali: siku ya hadithi, sini, nani kavaa nini. Kila mkipumzika piga picha za simu, mbele na nyuma, vifungo na mikono iliyokunjwa. Kijana wetu aliwahi kuingia mlangoni mikono imekunjwa, akatokea ndani imeshuka.

Kama kuna sini ya tope au damu, unahitaji mashati mawili yanayofanana, na mtumba hauna pacha. Nunua kitambaa, mpe fundi cherehani wa barazani ashone yote mawili kwa siku moja. Ndiyo, ni gharama, punguza kwingine.

Nailoni inachakacha, na maiki inaunasa mchakacho. Sare za polisi na jeshi usiguse bila kibali.

Pini na uzi viwe mfukoni mwako, siyo kwenye begi lililobaki garini. Mkipiga Julai alfajiri, beba na sweta: mwigizaji wa fulana alivae mpaka mwongozaji atakapokuwa tayari kabisa, kwa sababu baridi ya Moshi mwezi huo inatetemesha hata midomo inayosema "jua kali leo".