Mbunge katuambia tumechelewa, tumekosea wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni kikundi cha akina mama huku vijijini Morogoro, tunataka kivuko cha miguu maana mvua zikianza watoto wanavushwa mtoni mgongoni. Mwezi wa sita tukachangishana nauli mpaka Dodoma na barua yenye sahihi kibao, mbunge katupokea vizuri, soda tumekunywa, ila akasema bajeti ndo inapitishwa, tumechelewa. Au katupiga chenga?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hajawapiga chenga, kawaambia ukweli ila kaukata nusu. Juni pale bungeni wanamalizia tu, tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza, sasa ombi jipya litaingilia wapi? Kivuko kinaanzia mkutano mkuu wa kijiji, kiandikwe kwenye muhtasari (hakikisheni kimeandikwa kweli, sio kupigiwa makofi tu), kipande kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, halafu halmashauri, na madiwani mara nyingi wanakaa kwenye bajeti Januari Februari hivi. Na tangu 2017 barabara na madaraja ya vijijini yako chini ya TARURA, yaani wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo meneja wao wa wilaya awajue mapema, asiwasikie siku ya kikao. Huyo mbunge msimnunie, naye ni mjumbe wa baraza la madiwani, mwombeni akawasemee huko.

Ila kujuana ndo kwenye kazi, na watu wengi wanakosea hapa, wanaenda ofisini siku wana shida tu. Mimi kuna ofisi ilinizungusha miezi mitatu, kila nikienda naambiwa bosi hajasoma, kumbe barua imelala masjala haijawekwa hata kwenye faili, na aliyeninong'oneza ni dada wa masjala ambaye nilikuwa nampitia tu kumsalimia na kumuuliza mtoto kaamkaje. Sikumpa hata mia. Nyie mtendaji wa kata mnamjua kwa jina? Mkiitwa kwenye usafi au ujenzi wa choo cha shule mnaenda?

Halafu mhandisi wa TARURA akikubali kuja kuangalia, mvuteni mpaka vuli, Desemba mto umejaa, akiwa na viatu vyake hapo ukingoni aone watoto wanavyovushwa. Mkimleta Septemba atakuta mchanga mtupu, atavuka kwa hatua tatu na kuwauliza kivuko cha nini.