Muda wa mazoezi: mimi niliupata njiani, kati ya Mikanjuni na Ngamiani

Dada yangu uliyeuliza utapata wapi muda wa mazoezi wakati unatoka nyumbani saa 12 asubuhi, unarudi saa 1 usiku na watoto wawili wanakusubiri, nakuelewa kabisa. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Ngamiani, nakaa Mikanjuni, hapa hapa Tanga mjini. Duka likifungwa ni hesabu, hesabu ikiisha ni usingizi.

Miaka mitatu iliyopita nilipima presha nikakuta iko juu, 150 kwa 95. Nikakimbilia kulipia jimu ya miezi mitatu. Nilikwenda mara nne. Haukuwa uvivu. Ile saa nzima niliyokuwa naitafuta haikuwepo kabisa kwenye siku yangu.

Kilichonisaidia ni baiskeli. Niliachana na bodaboda, nikanunua ya mtumba, nikaifunga keria na taa. Mji wetu ni tambarare, na Tanga baiskeli si kioja, hata kina mama wanapanda na mabuibui yao. Dakika 15 kwenda, 15 kurudi, siku sita: dakika 180 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ambayo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Tena zamani walisema lazima zifike dakika 10 mfululizo ndipo zihesabike. Mwongozo wa 2020 uliondoa sharti hilo. Kwa hiyo hata dakika 5 za kutembea haraka toka kituoni hadi ofisini kwako zimo.

Misuli nayo inataka walau siku mbili kwa wiki. Mimi nafanya maji ya chai yakiwa jikoni: nachuchumaa na kusimama mara 15, halafu pushapu, mpaka sufuria itokote. Mwanangu wa mwisho ananipandia mgongoni ananihesabia, na saba anairuka kila siku.

Wanaokwambia uamke saa 10 alfajiri ukimbie hadi Raskazone, usiwasikilize. Mwenye watoto wadogo usingizi wake umeshapunjwa, ukiukata tena wiki mbili haziishi umeacha. Raskazone nenda Jumapili jioni na hao watoto, mtembee kandokando ya bahari.

Presha yangu sasa inacheza 130 kwa 85. Na chumvi nilipunguza pia, kwa hiyo siwezi kuipa baiskeli sifa zote. Kama umeandikiwa dawa, usiache kwa sababu umeanza mazoezi.

Umeuliza pia kuhusu jasho ofisini, na joto letu la Januari unalijua. Jumatatu na Alhamisi napeleka dukani mashati matatu yaliyopigwa pasi, natundika nyuma ya mlango. Nikifika nakaa dakika tano feni ikinipiga, najifuta kwa taulo lenye maji, ndipo nabadilisha. Ukivaa kabla mwili haujapoa, shati la pili nalo linalowa.